Gramu za Kikombe ya Mama

Mwende mjukuu wangu,

Ni mimi susu yako nasema, Mutheu wa jirani ndiye anaandika. Huku tuko salama, mbuzi yako imezaa mapacha, goti yangu ndiyo bado. Uliuliza kikombe yangu ya bati ya kupima mahindi ya muthokoi ni gramu ngapi, kwa sababu huko Ujerumani mnapika na mizani. Basi nikaibeba mpaka dukani Matiliku. Mwenye duka akapima, akacheka: "Susu, hii ni ya wezi! Mia moja hamsini tu, badala ya mia mbili. Chini imegongwa ikaingia ndani."

Mimi sikucheka. Ni mama aliigonga na jiwe, ule mwaka mvua ilikataa. Nilikuwa msichana, nikamuuliza, "Mama, mbona unaharibu kikombe?"

"Nyamaza. Wadogo wako wanataka kuona imejaa."

Na kweli kila mtu alipimiwa ikiwa imejaa, hakuna aliyelia. Mama mwenyewe alisema ameonja kwa sufuria, ameshiba. Nikaamini, ingawa jiwe nililiona. Mama hakumaliza huo mwaka.

Sasa wewe usipime kama mimi. Weka mia mbili kwa kila mtu, na yako uipakue kwanza.