Kufuli la Baba Juu ya Mnara

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemkanda Baba magoti kwa maji ya moto kabla ya shule. Yamevimba tena. Lifti ya mnara wa tatu kazini kwake bado mbovu, kwa hiyo anapanda ngazi, zana mgongoni. Alhamisi ana mtihani wa kupanda: kutoka chini hadi kileleni bila kupumzika. Akishindwa, kazi ya ufundi wa mitambo ya upepo basi.  Mama anapepeta mtama kwa nguvu.

Jumanne, 5 Agosti
Siku mbaya. Fundi akifika juu hufunga mtambo kwa kufuli lake mwenyewe, mapanga yanayosukumwa na upepo yasimzungukie. Aliyefunga ndiye anayefungua. Mwingine haruhusiwi hata kuligusa. Leo Baba ameshuka hadi chini, amevua mikanda, ndipo akaona ufunguo uko shingoni peke yake. Kufuli limebaki juu. Ikabidi apande tena.

Selemani, fundi mwenzake, alimleta nyumbani kwa pikipiki huku anacheka.

"Shikamoo, Mama. Mzee ana mke wa pili kule juu, hataki kushuka!"

"Marahaba. Basi huyo mke ndiye amkande magoti."

Nilicheka na mimi. Kisha nikamwona Baba anashika ukuta ili aketi. Nimejichukia.

Jumatano, 6 Agosti
Somo la fizikia: nishati ya upepo. Mwalimu alisema upepo ni wa bure, tuandike. Nimeandika kwa mwandiko mzuri. Ni uongo.

Baba ameswali Magharibi akiwa kitini. Hakutaka tumtazame.

Alhamisi, 7 Agosti
Ameshindwa. Magoti yamegoma katikati ya ngazi. Alining'inia kwenye mkanda hadi Selemani akapanda kumshusha kwa kamba, kama Baba mwenyewe alivyomfundisha. Safari hii Selemani hakucheka. Wakubwa wamempa Baba mkono na kumshukuru kwa utumishi wake. Utumishi! Lifti haikupimwa na mtu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nanenane. Hakuna shule. Sina la kuandika.

Jumamosi, 9 Agosti
Vumbi la Kongwa tangu alfajiri. Upepo mkali. Kule kilimani mapanga yanazunguka.

Baba amelala hadi jua likaingia chumbani. Tulinyata. Mama aliwafukuza kuku dirishani. Sijawahi kumwona Baba amelala kukiwa na mwanga.

Alipoamka aliuliza nani yuko zamu leo.  Nikampelekea uji. Aliunywa wote, akaomba mwingine.