Mstari Ulioacha Kuufukua

Mke wangu mpendwa, Mama Kulwa,

Mvua za kwanza zimenyesha hapa Ushirombo, na harufu ya udongo imenirudisha kwenye msimu wako wa kwanza ukweni, kabla ya Kulwa na Doto kuzaliwa.

Bwana shamba alikuwa ametuletea kamba yenye mafundo ya kupandia pamba, kila fundo shimo moja. Wanawake wenzako walitangulia wakiimba. Wewe ulipanda mstari, ukageuka kuutazama, ukaufukua wote, ukaanza upya.

Mama yangu akakutania kutoka ng'ambo ya shamba: "Mkwe wangu, unapanda pamba au unasuka ukili?"

Ulicheka pamoja nao, lakini ukaanza kufukua mstari mwingine. Jua lilikuwa linakausha udongo, na mbegu ya pamba isipopata unyevu haioti. Ungeitwa mke asiyejua jembe, nasi tungekosa mavuno.

Nikakuuliza unaogopa nini. Ukanieleza habari za darasa la tatu, mwalimu alivyokuwa akikusimamisha ubaoni ili wenzako wacheke mstari wako uliopinda. "Tangu hapo," ulisema, "nikishika kitu cha kupimwa nasikia kile kicheko."

Nilianza kukufafanulia kwa nini usiogope, unanijua nilivyo na maneno, na maelezo yangu yangetukaushia udongo uliobaki. Kwa bahati mama alifika, akakushika kiganja chenye mbegu.

"Ng'wanone, mwanangu, mbona tunatia mbegu nyingi shimo moja?"

"Kwa sababu nyingine hazioti, mayu," ulimjibu mama.

"Na zisipoota zote?"

"Tunarudishia nyingine."

"Sasa mbegu zinaruhusiwa kukosea, wewe usikosee? Panda."

Ulipanda. Mstari mmoja ukaenda upande, ukausimamia umeshika kiuno. "Huu umekwenda kusalimia jirani," ukasema, ukauacha. Majani ya pamba yalipofunika shamba, bwana shamba alipita asijue aulaumu mstari upi.

Baadaye wewe ndiye uliyewafundisha wake wapya wa kijiji kuvuta kamba. Uliivuta vizuri kuliko sisi sote, maana sasa ulifikiria nafasi ya pamba tu, na kicheko kilikuwa chako mwenyewe.

Leo nimepanda peke yangu, msimu wa kwanza tangu tukuzike. Nilipofika mpakani nikageuka nikuambie neno, nikakuta shamba tu. Nimekaa kwenye tuta kidogo.

Pumzika, mke wangu. Niache niinuke, udongo haujakauka.

Mumeo,
Baba Kulwa