Sauti ya Baba Isiyokuwa Kwenye Diski

Lubumbashi, Kampemba

Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Jambo kwako na kwa wote wa Manono. Goti la Mama limepoa? Mimi niko mzima, ila joto hili la kabla ya mvua linatuchosha.

Uliniuliza kama Baba alikutaja katika maneno niliyomrekodi redioni kabla hajafa. Nakuandikia yaliyotokea, bila kuongeza kitu.

Programu yetu ya kutunza sauti aliitunga Pascal, fundi wa kompyuta. Yenyewe haigusi diski. Inaagiza faili kwa sehemu nyingine, tuiite karani, na karani ndiye anajua pa kuiweka na pa kuitoa. Wakati wa majaribio Pascal alimpa karani diski ya uongo, iliyo ndani ya kumbukumbu ya mashine tu, inayofutika mashine ikizimika. Akasahau kumrudishia ya kweli. Programu haikuona tofauti, ndivyo ilivyotungwa, na tangu hapo mashine haikuwahi kuzimika.

Jumanne mchana nilifungua sauti ya Baba nikutumie. Akakohoa, akaanza kusema. Nikatazama diski: tupu. Pascal akaichomoa, akaichomeka kwenye mashine nyingine. Tupu. Nyuma yetu Baba aliendelea kusema.

"Anasemea wapi?" nikauliza.

"Muzee iko anasema, lakini haiko fasi yoyote," Pascal akajibu.

Akainakili sauti kwenye diski mara tatu. Mara tatu programu ilijibu kwamba imemaliza. Nakala nazo zilipitia kwa karani yuleyule.

Hapo umeme ukakatika. Betri ya akiba ikaanza kulia.

"Journaliste, bado dakika kumi tu!" Pascal akasema, akiniita kwa kazi yangu ya uandishi wa habari.

"Basi nyamaza, muzee aseme."

Nikaweka simu yangu mbele ya spika, irekodi. Sikujua alikutaja wapi, nikaanzia mwanzo. Akasema ya reli, ya shamba, ya Mama. Kisha: "Na Feza, umwambie..." Akavuta pumzi. Skrini ikawa nyeusi. Pascal alikuwa bado ameshika diski tupu mkononi.

Yaya, siku ya kurekodi nilikaa mbele yake. Nilikuwa natazama mshale wa sauti usipande mno, maneno sikuyasikiliza. Ningeweza kukutungia sentensi nzuri, nawe ungeiamini. Sitafanya hivyo. Alikutaja, na hakuwa na hasira. Zaidi ya hapo sijui.

Nisalimie Mama, shemeji mwalimu, na shangazi yetu muuza samaki. Sauti nimekutumia kwa simu. Uisikilize ukiwa umekaa.

Mdogo wako,
Kalenga