Karatasi ya Kola

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi na wajukuu zako hatujambo, na cherehani yangu mpya imeanza kupata wateja.

Zile karatasi za kukatia kola na mikono ulizonitumia nilizitundika ukutani. Kumbe ulizikata kwenye daftari lako la zamani la vipimo! Leo mteja mmoja alisimama mbele ya karatasi ya kola akasoma kwa sauti: jina, namba ya simu, kifua, kisha mwandiko wako, "Titi la kushoto limekatwa. Jaza sponji." Akacheka. "Huyu si wifi yangu, yule mwalimu? Mbona alituficha?" Akapiga picha kabla sijaibandua.

Nimeona aibu, Mama. Mwambie Mwalimu mwenyewe kabla hajaambiwa na watu.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti limetulia, linanikumbuka mvua ikinyesha tu. Nisalimie wajukuu.

Sasa na wewe, ukubwa wote huo, unatundika karatasi upande wa maandishi? Bibi yako alikata kola kwenye madaftari maisha yake yote na hakuna aliyekufa. Mwenye makosa ni huyo mteja wako asiye na breki mdomoni, usinitwishe mimi.

Mwalimu anakuja Jumamosi kuchukua gauni. Nitamwambia.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana kimya chako kinanitisha.

Jumamosi tatu zimepita. Kutundika ni kosa langu, nakubali, na karatasi zote nimezichoma. Lakini nasikia ile picha inazunguka kwenye simu za mawifi. Yule mama alivua blauzi mbele yako kwa sababu alikuamini. Ulimwambia?

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti usiliulize, kinachouma leo si goti.

Sikumwambia. Jumamosi ile alilijaribu gauni, akajigeuza kwenye kioo, akacheka. "Fundi, wewe ndiye unayeniweka sawa." Nikamkunjia gauni lake, nikamkabidhi. Mimi, ambaye wateja hunibembeleza nipunguze maneno, nilikosa neno moja. Akaja kuambiwa na wifi yake, mezani, mbele ya wakwe.

Nikamfuata kwake kuomba radhi. Nilijiandaa kufokewa, hakunifokea. Aliniuliza tu, "Fundi, ulikuwa na haja gani ya kuandika na jina langu?" Sikuwa na haja yoyote, mwanangu. Ningempa kila mteja namba, na lile la titi ningelibeba kichwani, kwani mteja mwenyewe nilimjua miaka tisa.

Sasa daftari nalifungia kabatini, ufunguo nauvaa shingoni. La zamani nimelichoma, na kola nazikatia maboksi ya viatu. Haya yote nimeyafanya maji yakiwa yameshamwagika, na ninajua.

Jana asubuhi alipita mbele ya duka akielekea shuleni. Nilimwita, hakugeuza shingo. Alikuwa amevaa gauni la dukani lililoshonwa tayari. Upande wa kushoto lilimpwaya, na barabara nzima ilikuwa ikimtazama.

Mama yako