Pikipiki ya Theluji na Jibu la Wambui

Jumamosi. Oktoba inaelekea kuisha lakini joto la Doha halina habari. Nilipofungua mlango wa gereji asubuhi, hapa Abu Hamour, nilipokelewa na hewa ya jana iliyokuwa imelala humo ndani. Sasa ni jioni, niko kitandani kwangu, sijala na sina hamu ya kula. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitalia, na chumba hiki si changu peke yangu.

Wambui amenikataa leo.

Afadhali niandike hivyo hivyo bila kuzungukazunguka. Amenikataa mbele ya baba yake, mbele ya mama yangu na wazee wa pande zote mbili, kwa simu, mimi nikiwa nimesimama kando ya pikipiki ya theluji na bisibisi mkononi.

Ndiyo, pikipiki ya theluji, ile isiyo na magurudumu, inayoteleza juu ya theluji, hapa Doha. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na kazi yangu kubwa ni magari ya jangwani: taa za ziada, redio, friji za kupoza soda kambini. Lakini kuna Mkatari mmoja, mteja wetu wa miaka, ambaye kila majira ya baridi husafirisha hiyo pikipiki yake kwenda kucheza kwenye milima ya ng'ambo. Kiangazi chote ilikuwa imefunikwa turubai nyumbani kwake na betri ikafia usingizini. Alitaka ichajiwe, na aongezewe umeme wa vitu viwili: vishikio vya usukani vinavyopasha mikono joto, na soketi ya kuchajia simu. Lori la kuibeba lilikuwa lije leo alasiri. Ndiyo sababu nilinyimwa ruhusa, siku ambayo nilipaswa kuwa nimevaa shati jeupe.

Leo watu wetu walikuwa wamekwenda kwao Wambui, Murang'a, kumposa.

Wambui ni muuguzi katika kliniki moja huko Al Sadd. Tulijuana kwenye kwaya ya Ijumaa, maana huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Anaimba sauti ya pili na huwakemea wanaochelewa, na mimi ndiye nilikuwa nachelewa kuliko wote. Nilimpenda hivyo, akinikemea.

Sasa, kwetu Wakikuyu, kinywaji walichokuja nacho wageni hakiguswi mpaka binti mwenyewe aulizwe. Baba yake humuita mbele ya watu: mwanangu, hiki kinywaji tukinywe? Akisema mkinywe, amekubali kuolewa. Akisema msikinywe, kinarudi kilikotoka. Watu hufikia hapo wakiwa tayari wanacheka, kwa sababu kila mtu huwa anajua jibu.

Na hapa ndipo sisi wenyewe tulipojikoroga. Mimi na Wambui tuko mji mmoja. Kutoka gerejini hadi kwake ni mwendo wa basi tu. Tungeweza kukaa kiti kimoja, simu moja, tukiangalia sherehe yetu pamoja. Lakini shangazi yake alishikilia kwamba binti hawezi kuulizwa akiwa amekaa na mwanamume anayemtaka, mila haikubali, awe upande wa kwao. Basi upande wa kwao ukawa ni chumba chake cha Al Sadd, na upande wetu ukawa ni gereji. Tukaposana kupitia Murang'a kama watu wasiojuana. Nilikubali bila kubisha. Nilitaka kila kitu kifanyike sawasawa.

Kazi niliianza mapema nimalize kabla wazee hawajaketi. Betri nilikuwa nimeitoa juzi, waya mweusi kwanza halafu mwekundu, nikaichaji polepole ofisini, maana ofisini ndiko kwenye kiyoyozi na betri haipendi kuchajiwa kwenye joto kama hili. Betri inapepewa, fundi anatoka jasho. Leo nilipoipima mita ilinipa namba nzuri, nikairudisha mahali pake.

Mudiri wetu, msimamizi wa gereji, ni Msudani tunayemwita Abu Tayeb. Alitaka waya wa soketi niupeleke moja kwa moja kwenye betri, kama tunavyofanya kwenye friji za jangwani, ili umeme uwepo hata gari likizimwa. Nilimkatalia. Chombo kinachokaa miezi bila kuwashwa hakifungwi hivyo; kila ulichokiunga kitaendelea kunyonya kidogo kidogo mpaka betri ife. Niliweka fyuzi karibu kabisa na betri, kisha relei, ili vishikio na soketi vipate umeme pale tu ufunguo unapowashwa. Waya niliupitisha mbali na ekzosi. Ilikuwa kazi safi. Nilijisifu hata, nikasema leo kila kitu nakiunga vizuri.

Simu yangu haishiki chaji siku hizi. Murang'a walipopiga ilikuwa imebaki kidogo tu, kwa hiyo niliwasha ufunguo wa pikipiki, nikaichomeka kwenye soketi ile ile niliyotoka kuifunga. Ikapokea moto. Nikaiegemeza kwenye kioo cha mbele, na Murang'a yote ikanifungukia: hema, viti, mama yangu na kilemba chake kipya. Kwenye kona moja ya kioo cha simu alikuwa Wambui, chumbani kwake, nyuma yake pazia la maua ninalolijua.

Wazee walizungumza sana. Walitaniana. Mjomba wangu, msemaji wetu, alisema tumefuata ua tuliloliona likichanua kwenye boma hili, upande wa pili wakamjibu boma hili lina maua mengi, ataje jina. Mimi nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Kisha baba yake akasimama. Mtu mpole, sauti yake ya chini. Akamuuliza.

Wambui alinyamaza. Watu wakacheka, wakadhani ni aibu. Baba yake akamuuliza tena, akimwita kwa jina la nyanya yake, mama aliyemzaa yeye baba, kama anavyomwita wakiwa wawili.

"Msikinywe, Baba."

Alisema kwa Kikuyu, taratibu, na hakuna aliyeweza kujifanya hakusikia. Nilimwona mama yangu akishusha macho, akaanza kukunja leso iliyokuwa mapajani. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Nilitoa simu kwenye soketi, nikaondoka, nikaenda kusimama nyuma ya gereji kwenye jua.

Sijui nilikaa huko muda gani. Niliporudi, Mukasa, Mganda tunayefanya naye kazi, alikuwa amekalia pikipiki akijaribu kuiwasha, na haikuwaka. Nilikuwa nimeacha ufunguo umewashwa na vishikio vimewashwa. Betri yote niliyoijaza imeishia kupasha usukani joto. Mukasa aliugusa akaruka.

"Bwana we, hii inaunguza! Nani anapasha mikono Doha?"

Alicheka mpaka akashika mbavu, akanigeukia nicheke naye. Aliponiona uso aliacha kucheka. Alishuka, akaanza kufungua betri.

Abu Tayeb alitoka ofisini kuona kwa nini pikipiki haijatolewa. Nilingoja nifokewe. Aliniangalia tu, akasema, "Khalas, basi, ya Macharia. Lori kesho." Akapiga simu mwenyewe, akamdanganya mwenye lori kwamba anasubiri kifaa. Huyu mzee ambaye hunitolea maneno makali nikichelewa hata kidogo.

Betri nikairudisha ofisini kuichaji upya. Nikakaa nayo sakafuni, mgongo ukutani, na hapo nikasikiliza ujumbe wa sauti aliokuwa amenitumia Wambui.

"Macha, nisamehe. Nilitaka kukuambia jana nikashindwa. Nimepata kazi Kanada, naenda mwezi ujao. Lakini si Kanada, sitaki uamini ni Kanada. Nilikuwa nakupenda, na hata sijui hiyo kitu iliisha lini. Nilifikiria nikisema tu mkinywe, itarudi. Baba alipoita hilo jina, nikaona siwezi kumdanganya. Wewe pia siwezi."

Nimeusikiliza mara nyingi kuliko inavyonifaa. Kila mara natafuta mahali alipodanganya, sipati. Angekuwa mwongo ningemchukia, nipumzike.

Nina hasira pia, nisijifanye mtakatifu. Jana, baada ya kwaya, tulikula pamoja. Alichukua viazi kutoka kwenye sahani yangu kama kawaida yake. Angenitazama usoni akaniambia pale pale, ningelia mbele yake peke yake. Badala yake nimeliliwa na ukoo mzima. Shangazi yangu tayari amenitumia ujumbe kwamba wasichana si mmoja. Asante, shangazi.

Mama alipiga wakiwa njiani kurudi Nyeri. Hakumsema Wambui vibaya, na ninajua ilivyomgharimu. Aliuliza kama nimekula, nikasema ndiyo. Kisha akasema kinywaji kile wamerudi nacho, cha asali, alichokisimamia yeye mwenyewe tangu wiki iliyopita. Hajui akipeleke wapi. Kukimwaga anaona vibaya, kukiweka anaona vibaya zaidi.

"Kinyweni, mama," nikamwambia.

Nikasikia analia, na mjomba akaichukua simu akasema mtandao unasumbua.

Sasa ninaogopa Ijumaa ijayo. Kwaya nzima itakuwa imejua. Nitakaa wapi? Wanaume hukaa nyuma ya sauti ya pili, na kutoka pale nyuma mimi huona shingo yake. Labda nisiende. Labda niende nichelewe, nione kama atanikemea.

Lakini kuna sehemu ya mwisho ya ule ujumbe ambayo sijaiandika hapa, kwa sababu nimekuwa nikiikwepa tangu mchana. Anasema siku ya kusafiri hana mtu wa kumpeleka uwanja wa ndege. Anasema nikikataa ataelewa.

Nimemjibu sasa hivi. Nimemwambia nitaazima gari la Abu Tayeb, nitakwenda kumchukua, nitambebea mizigo.

Kwenda najua njia. Kurudi, na kile kiti cha pembeni kitupu, ndiyo sijui nitarudi vipi.