Eda Yangu Umeitia Kwenye Boksi

Wifi yangu Maimuna,

Salamu ya dini ni haki yako na siwezi kukunyima, kwa hivyo assalamu alaykum. Nikishaitoa hiyo, yaliyobaki humu ni yangu.

Ujumbe wako wa simu umenifikia. "Wifi, inshallah mwezi huu naenda Makka. Niwie radhi kwa lolote." Nimeusikiliza tena na tena nikingoja hilo "lolote" lipate jina, halikupata. Najua ndiyo desturi, anayekwenda hija huwaomba radhi jamaa na majirani kabla hajaondoka, na bila shaka maneno hayo hayo umewatumia wengi, hata muuza samaki. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ningelikutukana. Na bahasha sitaitia gundi. Eda yangu wameshaisoma wageni, na barua hii pia aisome atakaye.

Wakumbuka alasiri ulipokuja na lile boksi la kwanza? Kaka yako Bakari, mume wangu, tulikuwa tumeshamsomea khitma, na wale waliokuja kulia nami walikuwa wamesharudi kwenye mambo yao. Nilibaki peke yangu ndani ya nyumba ya mawe ya baba yenu, pale Amu, na nguo zangu za kufifia, bila wanja, bila asumini, bila kuchungulia mlangoni. Miezi minne na siku kumi mjane hukaa hivyo. Sikulalamika, ni sharia, na mume wangu nilimpenda. Lakini jioni zilikuwa haziishi, na katika watu wote ni wewe uliyekumbuka kwamba mtu wa eda naye ana jioni. Ulitoka kazini kwako Shela, kwenye nyumba ya wageni, ukaingia na boksi chini ya buibui.

"Wageni wamelisahau?" nikakuuliza.

"Wameliacha. Ukishalicheza mara moya, basi, siri imekwisha. Hawabebi."

Ukanieleza kwamba huko kwao watu hulipa wafungiwe chumbani, wapewe saa moja, wapekue kila kitu na wafumbue mafumbo mpaka waione ndia ya kutoka nde. Wasiotaka kwenda mbali hununua mchezo wa boksi. Huumwaga mezani nyumbani kwao, wakajifungia kwa kadi na karatasi tu.

"Hulipa?" nikasema. "Mbona mimi nimefungiwa bure."

Tulicheka mpaka ukajiziba mdomo kwa mtandio, tukiogopa majirani watasema mjane anacheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu mazishi, na nilikipata kwako. Hilo silikatai hata leo.

Tukawa twacheza kila ulipopata boksi. Wewe ulikaa upande wa dirisha, mimi upande wa ukuta, na meza ndogo ya Bakari katikati. Makaratasi yalikuja yamekatwa na wageni, wewe ukayaunga kwa gundi ya karatasi. Penseli zao ulizifuta kwa raba mpaka vidole vikawa vyeusi. Kadi zilikuwa za Kiingereza na ulinisomea kwa Kiswahili, ukiigiza sauti za walinzi, za maiti, za mwenye meli aliyepotea. Hukuwa msomaji hodari, lakini kwa kuigiza hukuwa na mwenzako.

Lile fumbo la kioo unalikumbuka, najua, kwa sababu nimeliona tena. Maandishi yalikuwa yamegeuzwa, na mchezo ulitaka tuyasome kwenye kioo. Kioo changu kilikuwa kimegeuziwa ukutani tangu Bakari afe, kama mama zetu walivyofanya. Wewe ukataka kukigeuza. Mimi nikaikamata karatasi, nikaipindua, nikaiinua mbele ya dirisha, na jua likaniletea maneno kwa nyuma, yamenyooka, herufi kwa herufi. Ukaniangalia.

"Wewe una kitwa," ukasema. "Waliotunga hili hawakulifikiria."

Nilifurahi siku hiyo kupita kiasi. Nilikuwa nimeanza kujiona ni kitu cha kuwekwa ndani tu, na hapo nikajiona ni mtu.

Na kulikuwa na kadi za dokezo. Kila fumbo lilikuwa na tatu: ya kwanza yakuambia utazame wapi, ya pili yakuambia ufanyeje, ya tatu yakupa jibu lenyewe. Hizo ulizishika wewe, umezikalia chini ya paja lako, na kila niliponyamaza ulinichokoza: "Nikupe?" Nami nasema niache. Sikukuomba hata moja. Nilijivunia hilo kipumbavu kabisa, kumbe mwenzangu yu papo hapo na jibu na hatamki.

Ndipo tukaanza kutunga wetu. Usiseme lilikuwa wazo lako peke yako, Maimuna. Wewe ulisema, "Siku moya tutafanya mchezo wa nyumba hii." Mimi ndiye niliyesema vile vidaka vya ukutani vya kuwekea vyombo viwe fumbo, mchezaji ahesabu vyenye sahani na visivyo na sahani. Mimi ndiye niliyesema kile kidaka kilichomeguka chokaa, ambamo Bakari alikuwa akitia miwani yake kila alipokwenda kuswali, ndicho kiwe na ufunguo. Nilikwambia hayo machozi yananitoka, nawe ukanishika mkono. Nilidhani unanishika mkono kwa ajili ya miwani.

Sasa nije kwenye ile alasiri ya hatua darini. Tulikuwa katikati ya mchezo wa gereza. Nikasikia watu juu ya paa, wanaume, zaidi ya mmoja, wanakwenda na kurudi, na kitu cha chuma kinaburutwa. Nikakuuliza ni nani.

"Mafundi," ukasema. "Wa tangi la maji."

"Nani amewaita?"

"Kaka Athmani. Haya, tia akili hapa, dakika zinakwisha." Ukanisogezea simu yako nione saa inavyorudi nyuma.

Unajua fika kwamba mwanamke wa eda hapandi darini kuwatazama wanaume wa kigeni. Ulilijua hilo ulipojibu. Nikainamisha kichwa kwenye kadi zangu, nikahangaika na kufuli la karatasi, huku mnunuzi wa nyumba anapima juu ya utosi wangu mahali pa kuweka viti vya kuotea jua. Tena nililifungua lile kufuli kabla ya muda kwisha, na wewe ukanipigia makofi. Mikono hiyo ndiyo siwezi kuisahau.

Siku niliyotoka eda uliniogesha wewe, ukanifukiza udi, ukanisuka na kunitia asumini kichwani. Nilipokuwa nimekaa nimependeza, akaingia shemeji Athmani, kaka yenu mkubwa, amevaa kofia yake ya Ijumaa na amejaa adabu. Akanipa pole upya. Akasema nyumba imeshauzwa, wenyewe wapya wanataka kuanza matengenezo, kwa hivyo mwisho wa mwezi niwe nimejitayarisha. Nyumba ilikuwa bado kwa jina la baba yenu, saini yangu hawakuihitaji. Nikakutazama wewe. Ulikuwa unakusanya kadi mezani, unazipanga rangi kwa rangi.

"Ulijua?" nikakuuliza.

"Nilitaka umalize eda yako kwa utulivu, wifi."

Utulivu. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Mtu akinitukana naweza kumrudishia, lakini aliyenihurumia mpaka akanimaliza nimjibu nini?

Fungu langu la mirathi nililetewa, halali, mbele ya mashahidi. Hakuna atakayesema nimedhulumiwa, na ndiyo maana nikilalamika watu huniona sina shukrani. Sikutaka fungu, Maimuna. Nilitaka chumba alichofia mume wangu, na kile kidaka, na ile hewa ya darini asubuhi. Kaka yangu Shee alikuwa Mombasa na duka lake, na alishasema tangu uhai wa Bakari kwamba mkitaka kuuza yeye atayanunua mafungu yenu. Nawe ulikuwepo aliposema, ulikuwa unamtilia kahawa. Nilipompigia siku ile alinipa pole kwanza. Kisha akaniuliza, "Mbona hukuniambia? Wiki chache tu zilizopita ningelikwenda kwa kadhi, nikapewa nafasi ya kununua kabla ya mgeni." Ningelimwambia nini, kwamba nilikuwa nacheza?

Sasa niko Siyu, katika vyumba viwili alivyoacha mama. Paa la makuti lavuja upande wa jikoni. Watu ni wema, wananiletea maziwa na ndizi, na kila jioni kuna anayepiga hodi. Lakini mimi nimekuwa mtu wa kuwachunguza wanaonijia. Akija mtu na uso mkunjufu najiuliza ameficha nini chini ya buibui lake. Hili umenipa wewe, na nalichukia kuliko kuondoka Amu.

Ningelinyamaza, nakwambia kweli. Nilishaamua kukuachia Mungu. Lakini juzi Shee alipita Amu akija kunitazama, akaingia duka la vitu vya wageni kununua kofia, akaona boksi lina picha ya mlango wa nakshi.

"Huu si mlango wenu?" akaniuliza alipofika, na akaliweka mapajani mwangu.

Ulikuwa mlango wetu. Juu yake kumeandikwa kwa Kiingereza na chini kwa Kiswahili: Mjane wa Nyumba ya Mawe. Mchezo wa kutoka, wa kucheza mezani, saa moja, mtu mmoja hadi wanne. Nilisikia kwamba wenye nyumba wapya wamekufanya msimamizi wa wageni pale, nikasema riziki yako. Hili sikulisikia. Kwa hivyo wageni wanalala chumbani kwangu, na wakitaka kukumbuka safari yao wananunua na kilio changu, kimefungwa kwa nailoni.

Nikalifungua. Shee alikuwa amekwenda msikitini alasiri, nikatandaza kila kitu juu ya meza ya mama, nikaweka saa. Kumbe umetia yote. Vidaka vimo, vya sahani na visivyo na sahani. Maandishi ya kinyume yamo, na kioo kilichogeuziwa ukutani, na dirisha la kuinulia karatasi. Kile kidaka kilichomeguka kimo, na ndani yake umechora miwani ya Bakari, mpaka ule mkono mmoja aliokuwa ameufunga kwa uzi. Ukauchora na uzi, Maimuna.

Niliyafumbua upesi, maana yalikuwa yangu. Nikafika mlango wa mwisho na hapo nikakwama. Nilipekua kadi zote, nikazipindua, nikaziinua kwenye mwanga, hakuna kitu. Mjane wako ana kila kitu mkononi na hatoki. Muda ukaniishia. Basi kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikachukua kadi za dokezo, ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu.

Ya tatu imeandikwa hivi, nainakili kama ilivyo: "Alasiri, wifi yake anapiga hodi. Anaketi mbele yake na kumwambia: Wifi, nyumba wanaiuza. Mwite kaka yako leo."

Na mlango unafunguka. Mjane anashinda. Wageni wanapiga makofi, bila shaka.

Nimekaa na kadi hiyo mpaka Shee akarudi kutoka msikitini. Nilichokuwa najifariji nacho miaka yote hii ni kwamba pengine hukujua la kusema. Pengine uliogopa Athmani, pengine maneno yalikupotea. Hayakukupotea. Ulikuwa nayo, mafupi, yaliyopangika, na kaka yangu ndani yake. Umewaandikia watu usiowajua kwa lugha mbili. Mimi niliyekuwa mbele yako, goti kwa goti, hukuniambia hata kwa moja.

Kwa hivyo radhi yako naijibu hivi. Sitaki zamzam, sitaki tende wala msala wa Madina. Njoo Siyu kabla hujaondoka. Njoo alasiri, upige hodi, uketi mbele yangu, uyaseme maneno ya kadi ya tatu kwa mdomo wako. Najua nyumba haitarudi. Nataka niyasikie kwa sauti yako mara moja, mimi mwenyewe, kama yalivyokuwa yangu. Ukishayasema nitakujibu, na Mungu atakuwa shahidi wa jibu langu.

Na usipokuja, Maimuna, nenda salama na urudi salama. Ila watu wakikuuliza, usiwaambie wifi yako amekuwia radhi.

Ni mimi wifi yako,
mke wa kaka yako Bakari