Sufuria Juu ya Ruta

Baba Laila,

Chai imo kwenye chupa, mkate wa kumimina uko chini ya kawa. Bisibisi irudishe ulikoitoa, laptopu haina ugonjwa! Asubuhi nimeizima, nikaiwasha, nikaandika upya neno la siri la waifai, wapi! Ndipo nikaliona sufuria langu la pilau, ulilofunikia ruta juzi bati lilipovuja. Fundi mzima! Nimelifunua tu, mtandao ukaja mbio. Mjukuu tuliyekuwa tukimsikia akilia kwenye simu, leo nimemwona uso, huko Maskati, kifuani kwa Laila. Kachukua pua yako, maskini.

~~Narudi adhuhuri.~~ Narudi nikishamaliza kuitangazia Wawi nzima. Lioshe sufuria, leo pilau.

~~Mama Laila~~
Bibi yake Zubeir